Ng'ombe Wanane Wasiokula Nyasi

Jumanne, 8 Julai 2025

Leo nimeisikia dhahabu. Si kuiona! Kuiona nimeiona miaka sita, kila siku ya Mungu — pete, hereni, mikufu iliyokatika. Kuisikia.

Hajati Aidah alikuwa amefunga mlango wa duka ili aswali adhuhuri. Alipomaliza akaniita kule nyuma anakofanyia usonara wake. Winifred, leta kidole. Nikadhani ananipima pete. Kumbe akaniwekea sarafu juu ya ncha ya kidole cha shahada, akaisawazisha mpaka ikatulia, akaigonga ukingoni kwa kalamu. Polepole tu.

Mama weee! Ililia. Mlio mwembamba, mrefu, ukaenda, ukaenda — cherehani za majirani zinapiga kelele, pikipiki zinapita uchochoroni, na mimi bado nausikia. Niliuhisi mpaka kwenye mfupa. Nilisahau kupumua. Hajati akasema nifunge mdomo, inzi wa mtaa huu wa Biryogo hawana adabu.

Ni sarafu ya Afrika Kusini, wanaiita Krugarandi. Upande mmoja mzee mwenye ndevu, upande wa pili swala. Upana wake sawa na kifuniko cha soda. Lakini uzito! Mkono unashuka wenyewe. Mteja kaileta ipimwe, kesho anaichukua. Miaka yote hii sarafu Hajati anazipima peke yake, mimi nabaki na pete na tindikali. Leo kaamua nami nijue. Sikuuliza kwa nini, nisije nikaharibu.

Kwenye basi mpaka nyumbani Kimironko nilikuwa nimekikunja kidole. Mjinga mimi. Kama vile mlio ungemwagika.

Alhamisi, 10 Julai

Hajati ana droo ambayo sijawahi kuiona wazi. Leo kaifungua. Sarafu mbili za uongo, aliuziwa zamani akiwa bado mgeni kwenye kazi. Anaziita walimu wake. Moja kaikata katikati kwa msumeno — nje njano nyembamba kama ganda la kitunguu, ndani kijivu tupu. Jivu la mkaa! Ni chuma kizito, tungsteni. Ya pili ameiacha nzima.

Tukaipima hiyo nzima. Mizani — sawa. Sumaku haikuivuta, sawa na dhahabu. Akaifunga uzi wa cherehani, akaining'iniza ndani ya glasi ya maji juu ya mizani, maana kila metali inasukuma maji kwa kiasi chake. Karibu sawasawa! Nikasema Hajati, hii si ni dhahabu jamani? Akasema iweke kidoleni. Nikaigonga.

Tk. Basi. Kama kugonga meza.

Nikairudia, vilevile. Kitu kimejifunza kila kitu, uzito, sura, mpaka mikwaruzo ya ukingoni, kikashindwa sauti tu! Shuleni Karagwe walituimbisha debe tupu haliachi kuvuma. Hapa ni kinyume. Hapa debe tupu ndilo linalonyamaza.

Niandike na maonyo yake, nisisahau. Isiyolia si lazima iwe ya uongo. Iliyopasuka hailii. Iliyowahi kuchomelewa kitanzi cha mkufu, nayo sauti inakufa. Chafu hailii. Kwanza isafishe, ndipo uihukumu. Na Krugarandi zote rangi ni moja, ya mwaka wowote: nyekundu kidogo, kwa sababu ya shaba iliyochanganywa ndani. Ukiona moja ina njano ya kung'aa kuliko wenzake, jiulize.

Jumapili, 13 Julai

Leo mwandiko umekuwa wa kuku.

Baada ya kanisa kaka Gatera aliniita kwake kula. Habari ya mahari ya Mutesi. Mutesi wangu! Mtoto wa marehemu mdogo wetu, nimemlea tangu ana miaka minne, leo anaolewa. Mchumba wake, Sangwa, ni kijana mtulivu sana, nampenda. Mama yake, Kankindi, ni mjane. Siku ya gukwa, sherehe ya kutoa mahari, Jumamosi ya tarehe mbili Agosti, watatoa ng'ombe wanane.

Siku hizi hapa Kigali watu wanataja ng'ombe kwa mdomo, wanaleta bahasha. Kankindi kaikataa bahasha. Marehemu mumewe aliendesha malori Johannesburg miaka mingi, na kila akijaliwa ananunua Krugarandi moja, anasema hii ni ng'ombe wa mwanangu. Zimefika nane. Na zina majina ya ng'ombe! Saba ni kina Bihogo, kwa wekundu wao. Wa nane ni Gaju, yule mweupe kidogo kuliko wenzake, ndiye kipenzi cha mama.

Gatera alicheka mpaka akakohoa. Ng'ombe wasiokula nyasi! Na ndama je? Mila inasema ng'ombe akizaa tuwarudishie maharusi ndama. Sarafu itazaa nini, senti?

Halafu akaacha kucheka. Siku ile upande wetu lazima utume mchungaji akawaone ng'ombe, arudi mbele ya watu aseme wako wazima, wanakamwa. Vigelegele. Mchungaji huwa mwanamume. Safari hii kaninyooshea mimi kidole. Nani mwingine katika ukoo huu anajua dhahabu? Na kwa kuwa ndiye niliyemlea binti, ng'ombe mmoja ni wangu. Nichague mwenyewe, palepale, mbele ya wote.

Kijiko kilinianguka. Mimi! Moja ya zile zinazolia! Iwe kabatini kwangu, niitoe nikitaka, niigonge nikitaka!

Lakini kuna masharti. Hakuna mizani. Hakuna maji, hakuna sumaku. Kwenda na mizani kwenye gukwa ni kumwita mtu mwizi mchana kweupe. Macho na mikono tu. Nikauliza, na kidole? Akafikiri. Kidole ruksa.

Nikamuuliza tena, imewahi kutokea mchungaji akarudi akasema ng'ombe ni mgonjwa? Akasema hajasikia. Na ikitokea? Akaangalia sahani. Basi harusi hakuna, akasema, na wale wasitukanyagie tena uwanja. Zile saba zitakazobaki atazipeleka kwa Hajati Jumatatu baada ya gukwa, zipimwe kwa mashine na ziandikiwe karatasi. Kwa hiyo nisikosee.

Nisikosee! Mtu ana siku tano tangu aisikie dhahabu mara ya kwanza.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemweleza Hajati. Hakucheka. Alivua mtandio wa ziada akanifunga macho, akatoa Krugarandi ya kweli, kumbe naye anayo yake, na yule mwalimu wake bubu. Akaziweka moja moja kidoleni, mimi ninagonga, ninataja.

Sita kati ya kumi! Nikigonga vibaya, hata ya kweli hailii. Nikijibu kwa kubahatisha ningepata tano. Hajati akauliza, hii masikio iko ya mapambo?

Ijumaa, 18 Julai

Saba. Nane. Halafu leo aibu.

Mchana tulinunua sambusa pale kona. Hajati alikwenda msikitini, akarudi, akanifunga macho. Nikagonga. Tk. Uongo, nikasema. Tena kwa sauti ya mwalimu mkuu. Hajati akasema rudia. Nikagonga tena, nikasema naapa, hii ni uongo. Akanifungua macho. Ilikuwa ile ya kweli!

Akaishika, akaifuta kwa kitenge chake, akafuta na kidole changu kinachong'aa mafuta. Gonga. Ikalia mpaka mwisho wa uchochoro.

Mafuta yanaiziba mdomo. Mimi na sambusa zangu tumemwita mkweli mwongo, na kuapa juu. Nimeona haya kama vile sarafu inanisikia. Nimejiuliza ingekuwa ndiyo siku yenyewe, na Mutesi amekaa pale amevaa.

Jumatano, 23 Julai

Kumi kwa kumi! Kumi kwa kumi! Kumi!!

Hajati hakusifu, alimimina chai tu. Lakini alikaa nami. Akasema dhahabu haitupwi. Tangu watu waanze kuichimba, inayeyushwa, inafanywa kitu kingine, inaendelea. Hii hapa labda ilikuwa bangili ya mtu miaka mia nne iliyopita, naye alikuwa na mikono, alikuwa akienda kisimani. Haichoki, akasema.

Nimekaa nayo kiganjani chai ikapoa. Mimi nachoka kupanda ngazi za soko.

Jumapili, 27 Julai

Kimironko sokoni na Mutesi, kuchukua mshanana wake, vazi la sherehe, kwa fundi. Rangi ya maziwa. Alipouvaa, mafundi wote waliacha cherehani. Nililia, akanicheka, nikamwambia ni vumbi la vitambaa.

Akanitania: Shangazi, utachagua yupi? Nikasema yule atakayelia mrefu kuliko wote, na simwachii mtu! Akasema mama mkwe wake anaomba kitu kimoja tu, Gaju asiwe wa mwisho kupendwa. Wengine wote mumewe aliwatuma kwa watu. Gaju alimleta mwenyewe, mfuko wa ndani wa koti, safari aliyorudi akiwa mgonjwa. Hakupona. Mutesi alinieleza huku akiukunja mshanana vizuri, pembe kwa pembe.

Sijamwona ana raha hivi tangu alipofaulu kidato cha sita.

Ijumaa, 1 Agosti

Umuganura, sikukuu ya mavuno, duka limefungwa. Watu wanakula mtama na maharage, mimi najiandaa. Nimekata kucha. Kesho asubuhi sabuni mara tatu, na sigusi kitu chenye mafuta. Chapati hapana! Kalamu hii hii ndiyo nitakayogongea, nimeizoea.

Jumamosi, 2 Agosti

Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Gatera, nimevaa mshanana, mlango nimeurudishia. Nje matenti mawili yanatazamana, watu labda mia mbili, na mtaalamu wa kusifu ng'ombe ameshika maikrofoni. Anawasifu kwa Kinyarwanda cha mbio, hapumui. Akimaliza wataniita. Kwa hiyo nina muda wa sifa za ng'ombe wanane. Niandike, la sivyo kichwa kitapasuka.

Kankindi mwenyewe ndiye aliyeniletea. Kikapu kidogo cha agaseke, kifuniko chake kirefu cha kuchongoka. Akakiweka juu ya kitanda kwa mikono miwili. Ni mwanamke mwembamba, sauti ya chini. Akaniambia, Mama Mutesi, bibi yake Sangwa amewapaka siagi alfajiri, ng'ombe hawatoki wakavu mbele za watu. Akatabasamu. Akasema nimsalimie Gaju. Akatoka.

Nikafungua. Harufu ya siagi ya zamani, ya kijijini, ikajaa chumba. Nane, zimelala kwenye kitambaa cheupe, zinang'aa.

Nikaweka ya kwanza kidoleni. Nikagonga. Tk.

Ya pili. Tk. Ya tatu. Tk! Yesu wangu. Zote nane! Nilikaa chini. Nikasikia huko nje watu wanapiga makofi, nikamwona Mutesi akilini, rangi ya maziwa, amekaa hajui. Nikasema moyoni hawa watu wametuletea nini. Kidogo nitoke! Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango — na mkono ukateleza.

Siagi. Sambusa! Mjinga wewe Winifred, mara mbili!

Nilifuta kwa pindo la mshanana wangu, limeharibika, basi liharibike. Nikafuta na kidole. Nikagonga ya kwanza.

Nitaiandikaje? Chumba cha Gatera kina godoro la akiba, masanduku, kalenda ya kanisa. Sauti ile ikapita katikati ya hivyo vyote kana kwamba havipo. Nikafuta ya pili, ikalia. Ya tatu — hiyo! Hiyo ililia ndefu kuliko zote, nilihesabu mpaka kumi na nne bado ipo, nikaiweka kando nikasema wewe ni wangu, wewe unakuja kwangu. Ya nne. Ya tano. Kila moja nikawa nasema asante, kwa sauti, peke yangu, kama kichaa. Baba huyu aliendesha lori usiku na mchana, akakataa bia na viatu, akanunua sauti hizi moja moja kwa ajili ya mtoto. Saba! Saba wazima!

Gaju nilimwacha wa mwisho. Nikamfuta vizuri.

Tk.

Nikamfuta tena kwa shuka la Gatera. Nikafuta kidole. Nikabadili kidole. Tk. Nikampeleka dirishani. Hana ufa. Hana alama ya kuchomelewa. Nikamweka katikati ya wenzake kwenye mwanga, na hapo hata bila kugonga ukiwa umefundishwa unaona. Wenzake wekundu. Yeye njano ya kung'aa. Ndiyo maana walimwita Gaju! Familia nzima iliona kwamba hafanani na wenzake, wakampa jina zuri. Nami Jumapili ile nililisikia jina nikacheka na Gatera, na maneno ya Hajati nilikuwa nimeyaandika humu humu siku tatu kabla.

Hasira ilinijia. Nani alimuuzia? Mtu mgonjwa, anarudi nyumbani, anataka apeleke mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Mtu alimwangalia usoni akampa hii! Naye akaiweka mfuko wa ndani, karibu na kifua, mpaka Kigali.

Hajui. Kankindi hajui, ningeona. Mtu anayejua hasemi nimsalimie Gaju.

Na hapa ndipo nimekwama kwa woga, si woga wa kuogopa, ule wa kanisani. Nimeshika sarafu za kweli saba leo. Hakuna hata moja iliyonitetemesha kama hii ya uongo. Imelazwa chini ya mto wa mjane miaka mingapi? Imepewa jina, imepakwa siagi na bibi kizee alfajiri hii. Ndani ni kijivu, na ndiyo inayopendwa kuliko zote.

Msifu ng'ombe amefika kwa ng'ombe wa tano. Nasikia anavyohesabu.

Nikisema, harusi hakuna. Gatera alisema, na Gatera harudi nyuma. Mutesi atainuka pale mbele ya watu mia mbili. Kankindi atamzika mumewe mara ya pili.

Nikinyamaza — Jumatatu Gatera anapeleka saba kwa Hajati. Hajati hajui kufumba macho. Akimgonga Gaju, kelele itafika Kimironko, na wataniuliza mimi, mchungaji, uliona nini? Kumi kwa kumi yangu!

Isipokuwa Gaju asiwe katika hizo saba.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeiangalia muda mrefu. Mmoja ni wangu. Nichague mwenyewe, mbele ya wote. Wa kabatini kwangu hapelekwi kwa Hajati, haandikiwi karatasi. Hakuna atakayemgonga ila mimi.

Lakini ya tatu ile! Mungu anajua nimetamani nini mwezi huu. Sijawahi kuwa na kitu kisichochoka. Nimeigonga tena sasa hivi, mara moja, taratibu, nje wasisikie. Nimehesabu mpaka kumi na sita.

Na kusema wote wanakamwa — huo si uongo? Kazi yangu yote ni kutosema hivyo. Hajati angeniambia nini? Sitaki kujua Hajati angeniambia nini.

Ng'ombe wa nane. Anamwita Gaju sasa, anavuta sauti, kina mama wanapiga vigelegele.

Nimechota siagi iliyobaki kwenye kitambaa. Nimewapaka wote, mmoja mmoja, kwa kidole gumba, mbele na nyuma na ukingoni, kama walivyokuja. Ya tatu pia. Sasa wote nane ni bubu, hakuna wa kumcheka mwenzake. Kalamu inateleza, ukurasa umeingia mafuta, wino haushiki.

Wamenyamaza. Gatera yuko kwenye maikrofoni, anauliza mchungaji wetu yuko wapi, ng'ombe wakoje.

Nimewarudisha kikapuni. Nimemweka Gaju juu kabisa, upande wa mkono wangu wa kulia. Ya tatu iko chini, siioni.

Kankindi amefungua mlango. Anauliza kama Gaju amenipokea. Nimemwambia anisubiri kidogo, nifunge kalamu.